Mahali pa Bibi Remei

Siku ya harusi yangu, bwana harusi aliingia msituni na watu thelathini na ushee, na msitu ukakataa kumtoa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kikanisa cha Sant Mer, nimelikunja gauni mkononi lisiguse tope. Mvua ya wiki mbili ilikuwa imekatika, jua la mwezi wa kumi limetoka, na mlima mzima ulikuwa unanuka udongo na majani mabichi. Siku nzuri kama ile huipati kila mwaka kwenye milima yetu ya Montseny. Na tulikuwa tunawasikia! Walikuwa wanaimba huko chini, sauti ya Jofre wangu juu ya zote, maana Jofre akiimba hajali kama anajua wimbo.

"Hao wanakuja!" nikapiga kelele. "Padri, vaa joho, hao wanakuja!"

Padri Climent akavaa joho. Wimbo ukapanda, ukakaribia, ukawa kama uko nyuma ya miti ile pale. Kisha ukaanza kushuka. Ukafifia. Ukanyamaza kabisa.

Padri akavua joho.

Baada ya muda wimbo ukarudi, kutoka chini, upande uleule. Ukapanda. Padri akavaa joho. Ukashuka. Akavua.

"Bruna, mwanangu," akaniambia, akitazama saa yake kwa mara ya kumi, "mimi nina maziko kijijini saa nane. Maiti hangoji, na walio hai wa kule ni wakali kuliko maiti. Nikishuka leo, mnajua nina parokia saba, nafasi nyingine ya harusi ni baada ya Krismasi."

Baada ya Krismasi! Mama mkwe wangu, Bi Eugènia, alikuwa ametoa kibali cha harusi hii kama mtu anayeng'olewa jino. Yeye ni mtu wa Barcelona, alitaka hoteli yenye zulia. Mwanawe alipomwambia kwamba kwa ukoo wetu bibi harusi hutoka shamba la juu na bwana harusi hupanda kwa miguu kutoka kijijini, akauliza kama pia angetakiwa kuja na mbuzi. Nilijua hakika kwamba akirudi Barcelona leo bila harusi, hatanipa nafasi ya pili. Krismasi itafika, Pasaka itafika, na mimi nitabaki na gauni kabatini.

Nami ndiye niliyewaelekeza njia! Nilimwambia Jofre kwa kinywa changu, "Mkishuka kwenye basi fuateni mistari miwili iliyopakwa kwenye miti na mawe, mweupe na wa njano. Mkiona msalaba, hiyo si njia. Alama hazisemi uongo, mpenzi." Simu zote walikuwa wamemwachia dereva wa basi kwa amri ya Bi Eugènia, ambaye hakutaka picha za hovyo. Hata zingekuwepo, bonde lile halina mtandao. Kwa hiyo walikuwa na alama tu, na njia ile, nilimwapia Jofre, anaipanda hata mtoto wa chekechea.

Nikamgeukia Bibi Remei, nyanya yangu aliyenilea. Alikuwa amekaa kwenye ukuta wa mawe na fimbo yake, amevaa gauni jeusi la sikukuu, ananyoosha lile goti lake bovu. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kama chokaa.

"Wimbo umetokea wapi safari hii?" akauliza polepole.

"Chini. Kama mwanzo."

"Na ukaishia wapi?"

"Chini vilevile, Bibi. Wanapanda kisha wanashuka. Wamerogwa?"

Bibi akafanya ishara ya msalaba. Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya kikanisa wazazi wangu wasisikie, na akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu nizaliwe.

"Nimesahau."

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana asiyekulia kwetu atadhani nasimulia wendawazimu. Mtu wa Montseny atakukopesha trekta lake. Atakuonyesha mahali alipoficha funguo za nyumba. Lakini hatakuambia anakochuma uyoga. Namzungumzia rovelló, uyoga wa rangi ya chungwa unaoota chini ya misonobari, na chini ya misonobari tu, mvua za vuli zikinyesha. Kila mtu ana mahali pake. Mume hamwambii mke, na kitandani wanalala na siri zao mbili katikati. Ukimkuta jirani yako msituni na kikapu utamwuliza anatoka wapi, naye atakuonyesha upande ambao hajawahi kukanyaga, nawe utamshukuru na kwenda upande mwingine, na nyote wawili mtakuwa mmedanganyana kwa adabu.

Mahali pa Bibi Remei palikuwa na sifa kijiji kizima. Alitoka alfajiri na kikapu kitupu akarudi nacho kinamwagika. Nilipokuwa msichana mdogo nilimfuata mara nyingi kwa kujificha, naye alinizungusha vichakani mpaka nikasinzia nikiwa natembea, kisha akanirudisha nyumbani mgongoni, kikapu kimejaa, sijui kilijaa lini. Nililia, nikanuna, nikagoma kula. Jibu lilikuwa moja. "Siku ya harusi yako nitakunong'oneza sikioni, kama mama yangu alivyoninong'oneza mimi. Shamba litagawanywa na wajomba zako. Mahali pale ni pako peke yako." Nilingoja ahadi ile miaka ishirini. Sitawaficha: asubuhi ile nilipokuwa navaa gauni, nilimfikiria Jofre, na nilifikiria uyoga.

"Umesahau nini, Bibi?"

"Wale watu wa chama cha matembezi," akasema, "walileta makopo ya rangi niwawekee ghalani. Nyeupe na njano. Sasa mvua ilipoanza, na wapandaji wanazidi kila Jumapili, na njia yenyewe inapita mahali pangu palepale..."

"Bibi!"

"Nikaigeuza kidogo tu! Pale chini, kwenye Jiwe Lililopasuka. Nikapiga msalaba kwenye njia yenyewe, nikapaka mistari upande wa kushoto. Wanazunguka, wanatokea juu kwenye Uwanja wa Makaa, wanaendelea zao. Nani anaumia? Nilitaka kufuta kabla ya harusi, lakini uyoga ukatoka, mjukuu wangu. Ukatoka kwa wingi! Utafuta alama saa ngapi?"

"Kama wanatokea Uwanja wa Makaa, mbona hawafiki hapa? Ni hatua chache tu!"

"Hapo," akasema Bibi, "ndipo hata mimi sielewi."

Sikungoja aelewe. Nikavua viatu vya harusi, nikavaa vya shambani alivyokuwa navyo Baba kwenye gari, nikamwambia Padri asithubutu kuondoka, na tukashuka mbio. Nasema mbio, na Bibi na goti lake alikuwa mbele yangu.

Uwanja wa Makaa ni uwazi mdogo ambapo wazee walikuwa wakichoma makaa zamani. Tulipofika, tuliona mara moja. Alama ya zamani ya kupandia kanisani ilikuwa imefifia kwenye mti wake, karibu haionekani. Lakini upande wa kulia, kwenye jiwe, kulikuwa na mistari miwili mipya inayong'aa kama meno, ikielekeza chini. Na kwenye njia yenyewe ya kushukia, msalaba.

"Hizi umepaka wewe?" nikauliza.

"Mimi? Mimi nilipaka kule chini tu!" Bibi aliinama akanusa lile jiwe kabisa. "Hii ni rangi ya mlango. Mtu gani mwenye akili anapaka jiwe kwa rangi ya mlango?"

Nikaona duara lote kichwani. Wageni wanapanda kutoka kijijini, wanafika Jiwe Lililopasuka, alama za Bibi zinawapeleka kushoto mpaka hapa. Hapa alama za mtu mwingine, mwongo mwenzake, zinawashusha kulia mpaka Jiwe Lililopasuka. Nani aifuate alama iliyofifia akiona inayong'aa? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya waongo wawili, nawaambieni, haina mwisho.

"Haya," Bibi akasema haraka, "hakuna neno. Tukae hapa. Watakuja tena, tutawadaka."

Tukangoja. Wimbo ulikuwa umenyamaza. Badala yake, kutoka mbali chini, tukasikia sauti ya mwanamke, kali, ya mtu aliyefika kikomo.

"Basi! Huu msonobari uliokauka nimeusalimia mara tatu! Mimi narudi kwenye basi, na anayenipenda anifuate!"

Alikuwa Bi Eugènia. Na ikafuata sauti ya Jofre, "Mama, subiri kidogo tu, Mama..."

Nikaita. Niliita mpaka koo likaniwaka. Lakini mwamba unaingia katikati pale, sauti inagonga na kukurudia usoni. Njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu, wangekuwa wameshapanda basi. Kulikuwa na njia moja ya kuwawahi, ile yenyewe, iliyopigwa msalaba, inayokata moja kwa moja katikati ya misonobari.

Bibi alikuwa amesimama mbele yake, na fimbo ameishika kwa kukingama.

"Bibi, tupite."

"Ngoja kwanza."

"Wanaondoka!"

"Bruna, nisikilize. Nikiingia humo nikapaza sauti, watakuja wote. Watu thelathini! Na macho yao! Leo jioni sitakuwa na la kukunong'oneza. Miaka hamsini nimekaa kimya humo ndani. Hata babu yako, Mungu amrehemu, alikufa hajui."

Nilimpenda na nilitaka kumsukuma. "Bibi," nikasema, machozi yananitoka kwa hasira, "chagua. Uyoga au mimi?"

Akanitazama. "Usiniulize swali hilo mwezi wa kumi," akasema.

Kisha akashusha fimbo, akageuka, akaingia.

Nikamfuata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na hata katika haraka ile nilisimama. Misonobari mirefu, ukoka laini wa kijani chini, jua linaingia kwa vipande, na kila mahali, jamani, kila mahali! Vichwa vya rangi ya chungwa vimetandazwa hata huna pa kuweka mguu. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kuvua gauni nilitumie kama kikapu. Na katikati ya utajiri ule wote, tukaona mgongo wa mtu.

Ulikuwa mgongo wa koti la suti. Mwenye nao alikuwa ameinama, kisu mkononi, kikapu kimejaa pembeni, ua jeupe la harusi kifuani. Alikuwa Mzee Gaspar wa shamba la ng'ambo, mpinzani mkubwa wa bibi yangu kwa kila jambo, aliyetuma salamu asubuhi ile kwamba tumbo limemshika, asingeweza kuja harusini.

Wakatazamana. Sijawahi kuona watu wawili waliofumaniwa kwa wakati mmoja.

"Mwizi!" Bibi akanong'ona.

"Mwizi wewe!" Gaspar naye akanong'ona. Waligombana kwa kunong'ona, nawaapia, maana kwa miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupaza sauti mahali pale, na mazoea ni kama sheria.

"Unafanya nini mahali pangu?"

"Pako? Baba yangu alinionyesha hapa kabla hujatoka meno!"

"Ndiyo maana kila nikija Jumanne nakuta vishina! Nikadhani ni nguruwe mwitu!"

"Na mimi nikija Ijumaa nakuta vishina! Nikasema huu ukame!"

"Tumbo linakuuma, eh? Tumbo gani linachuma uyoga?"

"Nilijua leo kila mtu yuko harusini. Nisingekuja leo ningekuja lini?"

"Rangi ya mlango, Gaspar! Huna hata aibu!"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mmoja aliingilia chini, mwingine juu, kila mmoja akageuza njia upande wake kulinda mahali palepale, na Jofre wangu alikuwa anazungushwa katikati ya siri zao. Nilikuwa sijui nicheke au nimpige mtu. Kutoka chini sauti ya Bi Eugènia ikasikika tena, ndogo zaidi, anaulizia dereva.

"Bibi," nikasema.

Aliisikia. Akanitazama, akautazama ukoka ule, polepole, kutoka mti hadi mti, kama mtu anayefunga nyumba ya wazazi wake. Gaspar akaelewa anachotaka kufanya, akamshika mkono.

"Remei, usifanye hivyo. Remei, nakuomba. Tutagawana! Jumanne yako, Ijumaa yangu!"

"Niachie, Gaspar. Mtoto anaolewa."

Akavuta pumzi, yule mwanamke wa miaka sabini na ushee aliyenifundisha kutembea msituni bila kuvunja kijiti, akaweka mikono kinywani na akapiga ukelele uliowatoa ndege wote wa bonde mitini.

"Hukuuu! Jofre! Enyi wa Barcelona! Njooni hukuuu! Msiangalie alama! Fuateni sauti yangu!"

Kisha sauti ya Jofre, karibu kuliko nilivyodhani. "Bibi Remei?"

"Ndiyo! Panda moja kwa moja! Ukiona msalaba, pita juu yake!"

Nami nikaanza kupiga kelele, na wazazi wangu kule juu wakasikia nao wakaanza kugonga kengele ya kikanisa, na msituni ikawa vurugu tupu, vijiti vinavunjika, watu wanaitana, na mbele ya wote akatokea Jofre, nywele zimejaa majani, suruali imepasuka gotini, anacheka kama kichaa. Alinikumbatia hata miguu ikatoka chini. Nyuma yake walikuwa kaka yake Nil na shada la maua analopaswa kumkabidhi bibi harusi, limebaki matawi na waridi mbili, halafu mashangazi, marafiki, na mwisho kabisa Bi Eugènia, viatu mkononi, soksi zimechanika, uso wa mvua ya mawe.

"Kwa hiyo hii ndiyo njia," akasema. "Hii ndiyo njia ambayo hata mtoto wa..." Akatazama chini. Akainama. Alipoinuka, sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Mtu yeyote asisogee! Mmesikia? Nil, inua mguu! Inua mguu, mjinga wewe, unakanyaga vichwa vinne!"

Kumbe kila mtu wa nchi hii, hata wa kwenye lami, ana ugonjwa uleule.

"Mama," Jofre akasema, "Padri?"

Padri! Bibi akamgeukia Gaspar. "Wewe mwenye tumbo. Kimbia kanisani umlete. Njia ya kwenda mazikoni inapita hapahapa, mwambie aje na kitabu. Na kikapu utaniachia mimi. Ni faini yako."

"Kikapu changu!"

"Kimbia!"

Gaspar akakimbia. Padri Climent akashuka joho likipepea, wazazi wangu nyuma yake na mkate, soseji, nyanya, na mitungi ya mvinyo kwenye toroli. Wageni walikuwa wamesimama kama sanamu kwa amri ya mama mkwe, kila mmoja anaogopa kuvunja kitu. Lakini Padri alipita katikati yao wote akitazama kitabu chake, anatafuta ukurasa, mguu huku, mguu kule, bila kukanyaga hata kichwa kimoja. Hakutazama chini hata mara moja.

Bibi alimwangalia anavyotembea. Macho yakamwiva.

"Padri," akasema, "umewahi kufika hapa."

"Mama Remei," Padri akasema kwa upole, macho kitabuni, "hapa tuko kwenye ibada."

"Unakuja siku gani?"

"Tusimame wote," akasema Padri.

Hivyo ndivyo nilivyoolewa, chini ya misonobari, viatu vya Baba miguuni, nimeshika matawi na waridi mbili. Nil alisoma shairi lake la kukabidhi maua, na alipofika kwenye ubeti kuhusu njia nyoofu ya mapenzi watu walicheka mpaka Padri akaomba utulivu. Jofre alisema "ndiyo" kabla hajaulizwa. Nilikuwa na furaha ambayo sina pa kuiweka, nilitaka kupanda mti. Padri alimbusu kila mtu na kukimbilia maziko yake. Tukasugua nyanya kwenye mkate, tukachoma uyoga palepale nje kwenye Uwanja wa Makaa, na Bi Eugènia alikula sahani tatu, akamwita bibi yangu "dada", akamwuliza kwa sauti laini kama kuna maeneo mengine jirani.

"Hakuna," Bibi akasema. "Huku ni hapo tu."

Niliona alivyokaa. Alikuwa anacheka na kila mtu, lakini mikono ilikuwa imelala mapajani kama mikono ya mtu aliyemaliza kazi. Watu thelathini na ushee walikuwa wameona, na kila mmoja alikuwa na jamaa. Mahali pake palikuwa pamekwisha. Nikaenda kupiga magoti mbele yake, nikataka kumwambia asante na samahani kwa pamoja, lakini hakunipa nafasi. Alinivuta kichwa, akaweka mdomo sikioni mwangu, kama alivyoahidi.

"Unadhani mimi ni mjinga?" akaninong'oneza. "Pale palikuwa pa kupotezea watu. Mahali penyewe ni kwingine. Nyuma ya chemchemi, upande nchi inaposhuka, kuna mwamba mkubwa uliokaa kama ng'ombe aliyelala. Nyuma yake. Nenda Jumatatu, usiende kabla. Peke yako. Usimwambie hata mumeo."

Nilishtuka, kisha nikaangua kicheko. Yule mwanamke! Machozi yote yale, "usiniulize mwezi wa kumi", kumbe alikuwa na akiba! Nilimbusu mashavuni mpaka akanisukuma. Usiku ule nilicheza hadi miguu ikavimba.

Jumapili baada ya misa nikamkuta Gaspar mlangoni mwa kanisa la kijiji, bado amenuna. "Bibi yako hakunirudishia kikapu," akasema. "Nilimwomba angalau nusu. Akaniambia ana kazi nacho. Kazi gani ya kikapu kizima kwa mwanamke anayeishi peke yake?" Nikamcheka, nikampita.

Jumatatu nikamwambia Jofre nakwenda kumsalimu shangazi, uongo wangu wa kwanza wa ndoa, na nikapanda. Moyo ulikuwa unanienda mbio kuliko siku ya harusi yenyewe. Nikaipita chemchemi, nikateremka, nikauona mwamba uliolala kama ng'ombe. Nikazunguka nyuma yake.

Walikuwepo. Vichwa vya rangi ya chungwa, vingi, vizuri, vimesimama kwenye ukoka. Nikapiga ukelele wa furaha. Nikainama, nikatoa kisu, nikagusa cha kwanza.

Kikaanguka.

Nikagusa cha pili, kikaanguka pia. Nikakiokota nikakigeuza. Shina lilikuwa limekatwa tayari, kwa kisu, sawasawa, na limeanza kukauka. Nikainua macho. Juu yangu hakukuwa na msonobari hata mmoja. Ilikuwa mialoni mitupu, mlima mzima upande ule ni mialoni, na rovelló haoti chini ya mwaloni hata umwombee siku tisa za novena. Kwenye ukoka, kando ya vichwa vile vilivyopandwa kimoja kimoja, kulikuwa na tundu la fimbo, na shimo la goti moja. Moja tu, kwa sababu lile jingine halikunjiki.

Nilikaa chini palepale.

Kisha nikavichuma vyote. Niliinama kwa kila kimoja, nikakikata tena kama inavyotakiwa, nikafunika na majani, nikashuka. Bibi alikuwa kizingitini anachambua maharage, anajifanya hakuwa akitazama njia.

"Vipi?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Bibi," nikasema, nikamwekea kikapu miguuni, "pamejaa. Sijawahi kuona kitu kama kile."

Akautazama uyoga wa Gaspar muda mrefu. Uso ukamfunguka wote.

"Nilikuambia," akasema. "Sasa ni pako. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu maisha yake yote, wala Jofre. Kila mwezi wa kumi nilikwenda nyuma ya mwamba ule, nikakaa kidogo chini ya mialoni, kisha nikapitia sokoni kununua uyoga, nikamletea. Ninyi nawaambia. Bibi amelala makaburini sasa, na msimu ukifika bado napanda kule, napiga goti karibu na palipokuwa na lile shimo. Mkipenda nendeni, ni nyuma ya chemchemi. Hamtakuta chochote.